Skrini Tano na Mtu Mmoja wa Ziada

Kazi nzima ilinigharimu laki mbili na elfu themanini za mfukoni mwangu, safari kumi na moja za bodaboda kwenda Genkuru na kumi na moja za kurudi, betri moja ya laptopu, na jogoo ambaye kwa umri wake alikuwa bado na mipango. Nimejumlisha mara mbili na imetoka hivyohivyo. Mara zote mbili nimeona kuna kitu sijakiweka kwenye orodha, kwa sababu sijui bei yake.

Miaka ile Nyamongo ilikuwa imefurika. Kila aliyesikia neno dhahabu alikuja na sururu, na asiyekuwa na sururu alikuja na maneno. Mimi nilikuwa na duka la kuchapa barua, kutoa kopi na kuchaji simu. Nilikuwa nimesoma kuandika programu za kompyuta chuoni Mwanza, ujuzi ambao mjini kwetu ulikuwa na wateja wachache kuliko mitumba ya makoti. Basi siku aliyoingia mwenye duara mmoja, yaani mwenye shimo la kuchimbia, akasema anataka programu, nilimpa kiti na soda kabla hajamaliza sentensi. Soda niliiweka kwenye bei.

Shida yake ilieleweka upesi. Duara lake lilikuwa ng'ambo ya Genkuru, na watu ishirini hivi walishuka kila siku. Kabla ya kulipua baruti lazima ajue hakuna aliyebaki chini. Daftari la zamani lilikuwa limenyeshewa, na mara mbili walikaribia kumlipua mtu aliyekuwa bado anafunga kiatu. Alitaka kompyuta ya mezani kwenye kibanda cha duara, inayotumia jenereta, imwambie idadi ya walio chini.

"Skrini moja elfu themanini," nikamwambia.

"Zipo ngapi?"

"Tano. Ya kushuka, ya kupanda, ya baruti, ya mgao wa viroba vya mawe, na ya kumbukumbu."

"Weka tatu."

"Tutoe ipi? Ya kupanda? Watu wako wabaki hukohuko?"

"Dada, kioo ninacho tayari, kipo mezani kwangu. Sasa wewe unaniuzia nini?"

"Nakuuzia kinachoonekana ndani ya kioo."

"Hicho hakishikiki. Kisichoshikika hakifiki elfu themanini."

Tulimaliza kwenye laki mbili na nusu kwa zote tano, na kwa bei hiyo nilimpa kazi ya bei hiyo. Skrini zote nilizisonga ndani ya faili moja refu, kama watu watano kitanda kimoja. Asiyeandika programu namweleza hivi: skrini zinazobadilishana hazitoki wala haziingii. Zote zinakaa mahali pamoja, moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Ukibonyeza kitufe cha pembeni, moja inaonyeshwa na nne zinafichwa. Iliyofichwa haijaondoka. Ipo palepale chini ya ile unayoitazama, na yote inayoyajua inaendelea kuyajua.

Nilijua hilo tangu chuoni na halikuwahi kunisumbua.

Kibanda cha duara kilikuwa na karani, mtu wa makamo kutoka Issenye, mfugaji tangu utoto, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichapa kwa kidole kimoja, lakini hakukosea. Wachimbaji waliandikwa kwa majina ya utani, maana majina ya kuzaliwa waliyaacha kwao pamoja na madeni. Aliyeshuka aliandikwa kwenye skrini ya kushuka, aliyepanda kwenye ya kupanda, na skrini ya baruti ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa ambacho hakikubali kubonyezwa mpaka walio chini wawe sifuri. Mimi mwenyewe shimo sikuliona. Walikuwa wamefunga kamba mbele ya kibanda, na mwanamke hakuvuka kamba ile, eti dhahabu ingekimbia. Wachimbaji wale niliwajua kwa majina kwenye kioo tu, na kwa sauti zilizopanda kutoka ardhini nilipokuwa nachapa.

Wiki ya tatu mwenye duara alinipigia simu. "Programu yako inaongeza mtu."

"Inaongezaje?"

"Asubuhi hii wameshuka ishirini. Nimesimama hapa, nimewaona. Kioo kinasema ishirini na mmoja."

Nilikwenda. Nikahesabu kwenye kioo mara mbili: ishirini na mmoja. Msimamizi wa shimo alipiga kelele chini, wakaitika mmoja mmoja: ishirini. Nilifungua skrini ya kumbukumbu nikasoma siku zote za nyuma, chini ya bati lililokuwa linawaka jua. Kulikuwa na jina moja, sitalitaja, ambalo kila siku lilikuwa la kwanza kushuka na la mwisho kupanda. Hakukosa hata siku moja, Jumapili wala siku ya mvua.

"Huyu ndiye mfanyakazi wako bora," nikamwambia mwenye duara. "Ni nani huyu?"

Alisoma jina, akamwangalia msimamizi, na msimamizi akaangalia juu. "Simjui huyu. Anakula mgao?"

Nikafungua skrini ya mgao. Hakuwa na kiroba hata kimoja.

"Mura," mwenye duara akamwambia msimamizi polepole, kama vijana wa kwetu wanavyoitana, "mtu anashuka kila siku kabla ya wote, anapanda baada ya wote, halafu mawe hataki?" Akavua kofia. "Huyo si mtu."

Karani alikuwa anafuta miwani yake.

Mimi siamini vitu kabla ya kuvikagua, kwa hiyo nililaumu kazi yangu. Faili moja, skrini tano, idadi moja inayoshikwa na kila mtu: huenda skrini ya kushuka, ikiwa imefichwa, iliendelea kuandika. Huenda nilipobadilisha, skrini ya zamani haikufa, ilikaa huko nyuma inasikiliza kila kitufe. Makosa ya namna hiyo yapo kweli, na aliyewahi kuyawinda anajua yanavyofanana na kusikia hatua za mtu kwenye chumba ulichokifunga kwa kufuli.

Jumapili ile nilikwenda kwa mama mdogo, hukohuko Genkuru. Mji wao ni wa zamani: marehemu mzee aliacha wake wanne, mama mdogo akiwa mmoja wao, kila mmoja na nyumba yake, na zizi la ng'ombe katikati. Nilimkuta anapepeta ulezi, nikamsalimia shikamoo, nikamweleza kwamba nina wake watano ndani ya nyumba moja na sijui nani kaingiza mgeni.

"Wake watano jiko moja?" akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Na chumvi umemwachia nani?"

"Ndiyo shida, mama. Kila mmoja anatia chumvi."

"Watenge. Mimi sijui kwa mwenzangu kuna nini chunguni, na yeye cha kwangu hakijui. Tunachokijua wote ni ng'ombe, na ng'ombe wana mlango mmoja."

Hata mwalimu wangu wa chuo hakuwahi kueleza vizuri hivyo. Waandika programu kila nyumba ya namna hiyo wanaiita klasi. Nilirudi dukani nikaanza kubomoa. Skrini ya kushuka nikaipa klasi yake, faili lake, vitufe vyake. Ya kupanda yake. Ya baruti yake, isijue lolote isipokuwa kuuliza swali moja: wapo wangapi? Katikati nikajenga zizi, klasi isiyo na sura kwenye kioo, inayotunza orodha tu. Anayeingiza apite mlango wa zizi, anayetoa apite mlango huohuo. Na juu ya yote klasi moja ndogo ya mlinzi, kazi yake kusema sasa onyesha huyu, wengine wafiche. Ilinichukua siku kumi na nne. Mistari ya programu ilipungua kwa theluthi moja, nami nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Nikaipeleka Genkuru asubuhi na mapema, nikaiwasha, nikakaa kando ya karani. Watu wakashuka. Msimamizi akahesabu kwa sauti: kumi na tisa.

Kioo: ishirini.

Sasa hapakuwa na pa kujificha. Nilikuwa nimetenga nyumba zote, nimepekua moja moja, na yule alikuwa amekaa katikati ya zizi akiningoja. Ameingia kwa mlango halali. Maana yake mtu alimwingiza kwa kidole.

Nikamgeukia karani. "Baba, huyu unamwandika wewe."

"Ndiyo."

"Na unampandisha wewe."

"Nikishawaona wote wamefika, ndiyo."

"Kwa nini?"

Akashusha sauti ingawa jenereta lilikuwa linanguruma. "Kwetu Issenye ng'ombe hatuwahesabu tukawamaliza. Unamtazama kila mmoja kwa rangi yake, unajua nani hayupo, basi. Idadi ukiitaja, ukaitaja kamili, kuna anayesikia. Akijua unao wangapi, anajua atachukua wangapi. Nyie mmeleta kioo kinachotaja idadi kamili ya watu juu ya mdomo wa shimo. Kila siku! Mimi naongeza mmoja. Hesabu isiwe ya kweli."

"Na jina hili ni la nani?"

"La mtu ambaye hayupo."

"Alikufa?"

"Nimekwambia hayupo, mwanangu. Usilitaje hapa."

Mwenye duara alipoambiwa alitaka kumfukuza karani siku ileile. Karani akasema akiondoka, wale kumi na tisa wanaondoka naye, na kweli, walipoulizwa waliangalia chini. Walikuwa wanajua wote. Nikajikuta katikati, na katikati ndipo ninapopatia riziki.

"Bosi, unataka nini hasa?"

"Kioo kiseme kweli."

"Na wewe baba?"

"Aliyemo asitolewe."

"Basi mnabishana bure. Baba amwandike kila asubuhi, abaki ndani ya zizi siku nzima, na zizi likiulizwa wapo wangapi, lipunguze mmoja kabla ya kujibu. Kioo kitasema kweli, na ardhi itakuwa na hesabu yake."

Kila mmoja akatafuta alipopunjwa. Hawakupaona. Mwenye duara akanilipa elfu arobaini kwa mstari mmoja, karani akanipa jogoo nimchinje kwa niaba ya wote, jogoo ambaye baadaye nilikuja kumlipia. Nilijiona nimefanya mapatano bora kuliko yote ya maisha yangu.

Njia salama ilikuwepo, na niliijua: kuandika kwenye ile klasi kwamba jina fulani lisihesabiwe. Jina, si idadi. Kidole kilifika kwenye kibao cha herufi, nikaandika herufi mbili za jina lile, nikazifuta. Sikutaka liwe ndani ya kazi ya mikono yangu. Mimi niliyesoma Mwanza, nisiyeamini kabla ya kukagua. Nikaandika kutoa moja, nikafunga laptopu, nikatafuta bodaboda.

Miezi miwili yote ilikwenda sawa. Kioo kilisema ishirini wakiwa ishirini, sifuri wakiwa sifuri. Msimamizi aliacha kuhesabu kwa sauti. Kwa nini ajichoshe, na mashine ipo?

Halafu siku moja, saa nane mchana, simu ikaita. Mwenye duara alikuwa mchangamfu kupita kawaida.

"Dada, leo programu yako ina adabu! Nimekaa mwenyewe kibandani, nimechapa mwenyewe. Sifuri imetoka mapema kabisa, tunalipua tuwahi viroba."

"Mwenyewe? Karani yuko wapi?"

"Ana msiba Issenye, ameondoka jana."

Nilikuwa nimeshika kopi za cheti cha mtu. Nakumbuka niliziweka mezani, nikazipanga kingo zikae sawa. Karani hayupo. Orodha ya zizi huanza tupu kila asubuhi, na leo wa ziada hajaandikwa. Zizi linatoa moja kutoka kwa watu halisi. Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Kuna mtu chini," nikasema.

"Kioo kinasema sifuri."

"Kioo kinatoa mmoja! Usilipue, bosi, usilipue, kuna mtu—"

Nikamsikia akiondoa simu sikioni na kupiga kelele, na sauti nyingine ikimjibu kwamba utambi umeshawashwa. Kisha mlipuko ukanijia ndani ya simu, mdogo, kama mlango unaofungwa nyumba ya tatu. Nikasimama pale dukani. Baada ya muda mfupi ukaja tena hewani, kutoka upande wa Genkuru, ukatikisa bati langu. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Hiyo nayo nililetewa mara mbili.

Nilipofika nilivuka kamba, na hakuna aliyenikemea. Shimo nililiona kwa mara ya kwanza: dogo, la mraba, magogo pembeni, na vumbi likipanda taratibu kana kwamba huko chini mtu anavuta sigara. Watu walishasimama kwa mistari wakitazamana, wakitafuta nani hayupo, yule kwa rangi yake na yule kwa kimo chake. Haikuchukua dakika. Alikosekana mmoja, mtu wa Serengeti, mwembamba, baba wa watoto watatu. Aliingia kwenye njia ya zamani ya pembeni kupumzika, usingizi ukampitia.

Walichimba kwa zamu. Saa kumi na mbili jua likiwa bado linaonekana walimtoa, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, mzima, hata mkwaruzo hana. Wakashangilia, wengine wakalia. Yeye aliomba maji, akanywa, akauliza, "Mwenzangu mmeshamtoa?"

"Mwenzako yupi?"

"Aliyekuwa ananijibu. Nilikuwa nagonga jiwe ukutani, mara tatu, anajibu."

"Ni sisi tulikuwa tunagonga," msimamizi akasema.

"Nyie mlikuwa juu. Yeye alijibu kutoka chini."

"Ni mwangwi huo, mura. Shimo lina mwangwi."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa taratibu hata baada ya yote yale. "Mwangwi unarudisha ulichopiga. Mimi nilipiga tatu. Zilirudi nne."

Mwenye duara aliingia kibandani ampandishe kwenye kioo, walau hilo. Akatoka akaniita. Kitufe cha kupanda kilikataa. Skrini ya kupanda ilikuwa inafanya nilichoifundisha: inaliuliza zizi kama kuna mtu wa kutoa, zizi linapunguza mmoja, linajibu sifuri, na kitufe kinabaki kijivu. Mtu amesimama mbele yetu anakunywa maji, na kwenye skrini ya kumbukumbu imeandikwa ameshuka, hajapanda. Giza liliingia, siku ikafungwa hivyo: orodha ya zizi ikafutika kama kila usiku, kumbukumbu ikabaki.

Kesho yake niliondoa ule mstari wa kutoa moja, na pesa ya mwenye duara nikamrudishia bila kuombwa, jambo ambalo halijawahi kutokea dukani kwangu. Nilitaka pia kumpandisha yule bwana. Ni kazi ya nusu dakika: kufungua kumbukumbu za siku ile, kuandika saa ya kupanda, basi. Lakini karani alikuwa amesharudi kutoka msibani, na aliweka mkono wake juu ya kipanya.

"Mwache."

"Baba, mtu yuko juu. Yuko nyumbani kwake anakula ugali."

"Kumbukumbu inasema yuko chini, na aliye chini ameshamsikia, amejibizana naye. Ukimwandika amepanda, unamnyang'anya. Atachukua mwingine. Mimi tangu leo siongezi mtu, sina haja. Wa ziada yupo."

Wachimbaji walisimama nyuma ya kamba wakisikiliza. Mmoja akasema kwa niaba ya wote, bila ukali, "Dada, ukimtoa huyo, sisi hatushuki." Mwenye duara alitazama ukuta. Ana watu ishirini na mkopo wa jenereta, na kioo chake sasa kinasema kweli. Hataki kujua zaidi.

Yule bwana mwenyewe huja dukani kwangu. Aliacha uchimbaji, anauza dagaa. Anakaa kwenye benchi la wateja wa kopi, ananisalimia vizuri, anauliza, "Bado?" Namwambia bado. Mwanzoni alikuwa anacheka. Sasa anasema mke wake anapakua chakula sahani nne, yake anaisahau, mpaka amkumbushe. Anasema jirani alimpita njiani mara mbili bila kumsalimia, jirani mwenye macho mazima. Anasema akigonga mlango wake mwenyewe huwa anaogopa kusikiliza.

"Nipandishe, dada," aliniambia mara ya mwisho. "Sikuombi pesa. Naomba jina langu lipande."

Kompyuta ile hainishindi. Klasi zimekaa vizuri, zizi ni safi, mstari naujua na mahali pake napajua. Nikimwandika amepanda, ishirini wanakataa kushuka, na siku watakayoshuka tena akapotea hata mmoja, watakuja kuniuliza mimi. Nisipomwandika, yule anarudi Jumanne kukaa kwenye benchi, na kila Jumanne naona ninamtafuta kidogo kabla ya kumwona. Ninyi mnaosoma hapa, wenye mashimo, wenye mifugo, na mliosoma kompyuta kunizidi, naomba ushauri wenu kabla ya Jumanne: nimpandishe, au nimwache?